Kocha Hapimwi kwa Mabao Yake

Wenzangu mnaoshikilia kwamba asiyekuwa nyota uwanjani hawezi kufundisha nyota, nawapinga. Mtazameni Kazimierz Górski wa Poland. Timu ya taifa aliichezea mechi moja tu, mwaka 1948, nayo ikafungwa na Denmark mabao 8 kwa 0! Kwa kipimo chenu angefukuzwa mlangoni. Lakini ni yeye aliyeipatia Poland dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972, akaizuia Uingereza Wembley mwaka 1973 isiende Kombe la Dunia, na mwaka uliofuata akaifunga Brazil na kushika nafasi ya tatu. Zbigniew Boniek, aliyewahi kung'ara Juventus, alikabidhiwa timu hiyohiyo mwaka 2002. Aliiongoza mechi 5, akafungwa nyumbani na Latvia, akajiuzulu. Sifa zake za uchezaji zilimsaidia nini benchini?