Maji Yakipungua, Nani Anaandika?

Kuna sentensi moja nimeichoka. Hurudi kila baada ya mvua, kwenye insha za safari, kwenye makala za sikukuu, hata kwenye hadithi fupi: maji yameanza kupungua na maisha yamerejea kama kawaida. Ikishatamkwa, mwandishi anaagiza nyama choma, anapiga picha ya mto akiwa juu ya daraja, kisha anatusimulia jinsi mji ulivyo mtamu wakati wa likizo. Niseme wazi: sentensi hiyo ni uvivu, na sisi tunaoandika Kiswahili tumeikumbatia mno.

Nianze na huku Songwe. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Krismasi hutukuta mito ikipanda, Pasaka hutukuta inaanza kushuka. Tunduma haina habari. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, wabadilisha fedha wanahesabu kwacha, muziki baa hadi baa. Wenye nafasi wanateremka Mbeya mjini au wanakwenda kupunga upepo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Sina ugomvi nao. Mtu aliyehangaika mwaka mzima, ale sikukuu yake.

Lakini Matema iko wilaya ya Kyela, na Kyela ndiko unakoishia Mto Songwe, ule unaopita Ileje ukiwa mpaka wetu na Malawi. Mto huu una tabia ya kuhama. Ukifurika unakula kingo, ukitulia unaacha mkondo mpya, na shamba lililolala Tanzania linaamka ng'ambo. Ndiyo maana serikali mbili zikaunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Sasa hebu niambie, kwa mwenye shamba hilo, "maji yamepungua" maana yake nini? Yamepungua, sawa, lakini yameondoka na mpaka wa nchi!

Na hata pale ambapo mto haukuhama, maji yakishuka ndipo kazi inapoanza. Tope linatolewa ndani kwa jembe. Magodoro yanaanikwa na hayakauki. Choo kimetitia, kisima kimechanganyika na uchafu wake, na kipindupindu kinapiga hodi. Mpunga umelala. Mafuriko yenyewe yanaweza kuwa ya usiku mmoja, ila kupungua kwake ni miezi. Sisi tunaandika ule usiku, halafu tunaruka hadi kwenye picha ya daraja. Katikati hapo hapana mwandishi.

Wazee wa bonde la Rufiji walilijua hili kutuzidi. Wana neno lao, mlau: kilimo cha kuyafuata maji yanaporudi mtoni, mtu akipanda mahindi kwenye udongo wenye unyevu ulioachwa na mafuriko. Neno moja tu, limebeba kalenda nzima. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji. Wapangaji waliona hatari, na hawakukosea. Ila mkulima aliona hatari na shamba kwa pamoja, na ya pili haikuingia kwenye mpango kwa uzito wake. Lugha yetu inajua kwamba maji yanayoshuka ni majira yenye kazi na hofu zake. Wanaojisahaulisha ni waandishi.

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zikazama tena, mwezi uleule wa Idi. Tarehe 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua na mafuriko. Takwimu hiyo ikazunguka dunia. Wangapi kati yetu tunaojiita wapenzi wa fasihi tuliandika lolote Juni, wakati tope linakauka na kupasuka?

Jirani zetu walikwenda mbali zaidi. Kenya ilitangaza 10 Mei 2024 kuwa siku ya mapumziko kwa taifa zima, watu wapande miti na kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Nia njema. Lakini siku zilezile, wakazi wa kingo za mito ya Nairobi, Mathare na Mukuru, walikuwa wameamriwa kuondoka na tingatinga zilikuwa zikiangusha nyumba zao. Likizo ya nini kwa asiye na mlango wa kufunga? Jijini Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 2011 tulisherehekea miaka 50 ya uhuru. Tarehe 20 mvua kubwa ikalijaza bonde la Msimbazi, na zaidi ya watu 40 wakafa. Siku 5 baadaye ilikuwa Krismasi. Hatimaye waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji. Riwaya ya Krismasi ile iko wapi?

Najua jibu linalokuja: fasihi si ripoti ya kamati ya maafa, mwacheni mwandishi afurahi. Jamani, nani kakataza furaha? Waliofurikiwa nao wanakula sikukuu. Wanapika pilau kwa sufuria la kuazima, jiko likiwa juu ya matofali. Mtoto anavaa gauni la Idi na miguuni mabuti ya mvua. Hiyo nayo ni furaha, tena ina uzito kuliko yako na yangu ya kibarazani, kwa sababu inajua imesimama juu ya nini. Ninachokikataa ni furaha inayoandikwa kana kwamba mto ni pambo la hoteli na watu wa bondeni ni vivuli vya mbali.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo, ndugu mwandishi, likizo ijayo kula, cheza, ogelea. Ila kabla hujaandika kwamba maji yamepungua, teremka bondeni uulize: yamepungua kwa nani, yamefika wapi, yameacha nini, yameondoka na nini? Ukikosa majibu, ifute sentensi hiyo. Tutakusoma vizuri tu bila yake.