WAKILI WA SERIKALI AMTETEE NANI?

Muhula wa pili mwalimu mshauri alitugawia karatasi tuandike kazi ambayo kila mmoja wetu angependa kuifanya baadaye. Wengi waliandika udaktari, uhandisi na urubani. Mmoja wa safu ya nyuma aliandika "tajiri", tukacheka hadi mwalimu naye akacheka. Mimi niliandika: wakili wa serikali, sheria za mazingira. Karatasi yangu iliposomwa, jirani yangu wa dawati aliuliza, "Kwani hiyo nayo ni kazi? Utasimama kortini utetee miti?" Kicheko kikaanza upya.

Kicheko hicho hakikuniuma. Kilichoniuma ni maneno ya baba nilipomsimulia jioni ile. Baba hufanya kazi ya zamu katika kiwanda cha kutia vitambaa rangi, kilicho upande wa juu wa kijito kinachopita nyuma ya shule yetu. Aliweka kikombe chini, akaniambia, "Mwanangu, wakili wa serikali hutetea serikali. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Siku wananchi watakapoishtaki serikali kwa sababu ya mto, wewe utasimama upande gani? Na ukikifunga kiwanda, hiyo karo yako itatoka wapi?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Tangu siku hiyo nimesoma Katiba iliyo maktabani, nimesoma magazeti ya zamani, na nimemsumbua mwalimu wa Historia na Serikali hadi sasa akiniona mlangoni huuliza, "Leo ni kesi gani tena?" Makala haya ndiyo jibu langu kwa baba. Maswali yake ni mawili, nami nitayajibu moja moja.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Anayeitaka husomea shahada ya sheria chuo kikuu kwa miaka minne, kisha huingia Kenya School of Law, hufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu, na akifaulu mitihani huapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Baada ya hapo anaweza kuajiriwa katika Ofisi ya Mkuu wa Sheria, katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ile tunayoiita NEMA. Kortini huenda, lakini si kila siku. Siku nyingi ni za kusoma na kuandika: ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, leseni, ramani, na matokeo ya maji yaliyopimwa maabarani. Kwa hivyo ninyi mnaodhani kwamba sheria ni kimbilio la wanaoiogopa Kemia, poleni.

Sasa nije kwa swali la baba. Wakili huyu amtetee nani? Hebu turudi nyuma hadi mwaka 1989. Mwaka huo palikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuupinga. Mnamo Disemba 1989 kesi yake ilitupwa nje. Mahakama haikusema kwamba jumba ni zuri ama baya. Ilisema kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi. Mali ya umma, kwa sheria ya wakati huo, ilikuwa ya kutetewa na Mkuu wa Sheria.

Fikirieni jambo hilo, wasomaji. Nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kusimama kortini kwa niaba ya bustani ya wote, na mtu huyo alikuwa wakili wa serikali. Naye hakusimama. Jumba halikujengwa, lakini si kwa sababu sheria ilililinda eneo lile. Ni kelele za wananchi na kurudi nyuma kwa wafadhili ndiko kulikoliokoa. Waama, mlinzi akilala si lazima mwizi avunje mlango, huingia tu.

Mambo yalibadilika pole pole. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 iliwapa wananchi uwezo wa kwenda kortini kwa ajili ya mazingira. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inasema mtu anaweza kushtaki bila ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Mwaka 2011 ikatungwa sheria ya kuunda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hivyo leo hata mimi na sare yangu ninaweza kusikizwa.

Mtu atasema, "Basi! Kama kila mwananchi anaweza kushtaki, wakili wa serikali ni wa nini tena?" Jibu lipo Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianza kufanya kazi huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yakawafikia watu majumbani, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Wakazi wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido walilalamika, waliandamana, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 walikwenda kortini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabuni wenyewe. Tangu kiwanda kuanza hadi uamuzi wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ule wa 2007 alikuwa mkubwa kuliko mimi nilivyo leo kabla ya neno la mwisho kusemwa. Na shilingi, hata zikiwa bilioni, haziitoi risasi katika mwili wa mtoto. Mwananchi anaweza kushtaki, naam, lakini aghalabu hushtaki akiwa tayari ameumia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na hapa ndipo swali la baba linapouma. Katika kesi hiyo wizara na NEMA hazikukaa upande wa wakazi. Zilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa, na mahakama iliona kwamba nazo zina lawama kwa kutotimiza wajibu wao. Mawakili wa upande wa serikali walisimama kujibu madai ya watu waliodhurika. Kwa hivyo baba hakukosea hata kidogo. Siku kama hiyo ipo, na anayeitaka kazi hii aijue mapema.

Lakini nilipoisoma Ibara ya 156 ya Katiba niliona jambo ambalo baba hakulitaja. Ibara hiyo inasema Mkuu wa Sheria ndiye mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria, na ndiye anayeiwakilisha serikali ya kitaifa kortini katika kesi zisizo za jinai. Hapo baba ana haki. Ila chini kidogo ibara iyo hiyo inamwagiza akuze na kulinda utawala wa sheria, na atetee maslahi ya umma. Mtu ni mmoja, wajibu ni miwili. Nami nasema kwamba kuutimiza wa kwanza bila wa pili ni kutimiza nusu ya kazi na kupokea mshahara mzima.

Je, ataitimizaje yote miwili? Kwa kusema mapema. Leseni ikiwa bado iko mezani, wakili wa serikali ndiye anayeweza kumwandikia mkubwa wake barua na kusema, "Mheshimiwa, ripoti hii haina kasoro moja tu, ina kumi. Majirani hawakuulizwa maoni. Tukitoa leseni hii tutakuja kushtakiwa, na tutashindwa." Barua hiyo haitaandikwa magazetini, wala hakuna atakayempigia makofi. Lakini barua moja ya mwaka 2007 ingeliweza kuzuia kesi ya 2016. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeuona ufa kabla ya wote ni yule aliye ndani ya nyumba.

Tena si kweli kwamba wakili wa serikali siku zote huwa kinyume cha mazingira. Mtakumbuka marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017. Kabla yake mifuko hiyo ilikuwa imening'inia kwenye kila ua na kuziba kila mtaro. Watengenezaji walikwenda kortini kuipinga marufuku, na wao wana pesa za kuwaajiri mawakili wazuri. Waliosimama kuitetea ni mawakili wa serikali, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba marufuku ni halali. Hebu niulize: kama upande ule ungelikuwa na mawakili hodari na upande wetu ungelikuwa na wavivu, leo mitaro yetu ingelikuwaje?

Swali la pili la baba ni la karo. Hili ni gumu kwangu kuliko lile la kwanza, maana viatu nilivyovaa nikiandika haya vimetoka kiwandani humo. Asubuhi nikivuka daraja kuja shuleni, maji ya kijito huwa ya kawaida. Alasiri tunaporudi nyumbani, siku nyingine huwa samawati, siku nyingine huwa mekundu kama sharubati. Nyanya yangu hunyweshea sukuma wiki zake maji hayo hayo, na mboga hizo huuzwa sokoni, nanyi wengine mnakula. Kwa hivyo nyumba yetu imekaa pande zote mbili za kesi hata kabla ya kesi kuwapo.

Wengine hudhani sheria ya mazingira inajua neno moja tu, "funga". La hasha! Sheria ya 1999 inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira katika hali nzuri. Anayechafua huambiwa asafishe alipochafua na aache kuendelea. Wakili mzuri wa serikali si yule anayekimbilia kufuli. Ni yule anayekaa na wapimaji wa maji, akajua ni kitu gani hasa kinachotoka katika bomba, akaandika amri inayotimizika, kisha akarudi kuona kama imetimizwa. Kufunga ni pale mwenye kiwanda anapokataa kusikia.

Kuna jambo jingine linaloihusu Chama chetu cha Kiswahili moja kwa moja. Ripoti za mazingira huandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha kitaalamu, na vitabu vyake ni vinene kama Biblia. Nyanya yangu anaweza kuulizwa maoni yake juu ya ripoti ambayo hata mimi ningeisoma na kamusi mkononi. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wakili wa serikali anayeweza kusimama barazani na kueleza kwa Kiswahili fasaha kitakachomwagwa mtoni, kiasi gani, na mwananchi afanye nini akikataa, huyo amefanya zaidi ya nusu ya kazi yake. Ndiyo maana nawaambia wanaotuchekelea kwamba Kiswahili hakina kazi: njoo mtuone baadaye.

Sijasahau kwamba kuna vishawishi. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Wewe utapewa kitu kidogo mara moja tu na utasahau mto." Huenda. Binadamu ni binadamu. Lakini tukisema kazi hiyo ni ya wala rushwa na kwa hivyo watu wema wasiifanye, tunawaachia nani? Mwaka 1989 kiti kilikuwapo na mwenyewe akanyamaza. Dawa ya kiti kama hicho ni kumketisha mtu atakayesema.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea baba usiku, baada ya zamu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Lile tangi la kusafishia maji lipo pale kiwandani. Pampu ndiyo iliyokufa. Ni mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyekuja kuuliza."

Hakuna aliyekuja kuuliza! Si karo iliyo hatarini hapo, wala si kiwanda. Ni pampu moja tu, na mtu wa kuuliza swali kwa nguvu ya sheria. Wenzangu wa kidato cha tatu, mtu huyo atatoka katika madarasa kama haya yetu. Mwalimu akituletea karatasi tena mwaka ujao, nitaandika yale yale, na mkitaka kucheka, chekeni. Ila mkirudi nyumbani alasiri, msimame kidogo pale darajani mtazame chini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu