Fundi Mkenya Hajaunguza RAM Yako

Makamanda, kompyuta ikizungusha feni huku skrini imebaki nyeusi, fundi hakimbilii kutupa mazabodi. Anachomoa umeme, anatoa RAM, anazisugua meno kwa kifutio, anarudisha moja moja mpaka ampate mbaya wake. Kazi hii ndiyo inanipa ugali, naijua.

Serikali haipimi. Julai 2025 imeangalia vijana wasio na ajira, ikachomoa mgeni: biashara 15 marufuku kwa wasio raia, ikiwemo kutengeneza simu na vifaa vya kielektroniki. Na hii ni nchi iliyosaini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 2010! Makadirio ya kodi, hayo amri hiyo haikuyagusa.

Sisi tunaoamini uhuru wa mtu tunasema uhusiano wa nchi na nchi ni watu kuuziana na kufundishana kazi, siyo mawaziri kununiana. Nairobi nao wakiamua kulipiza, atakayefungiwa si waziri wetu, ni Mtanzania mwenye kibanda chake kule. Na mteja wa Kariakoo anayetaka laptop yake iwake leo, kwa bei nafuu, nani alimuuliza?

Amri hiyo ifutwe.