TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE: UPENDELEO WA VYOMBO VYA HABARI, TUHESABU KWANZA NDIPO TULALAMIKE



Kwa siku kadhaa sasa kundi letu limejaa malalamiko kuhusu vyombo vya habari. Mikutano yetu haitangazwi. Ikitangazwa, inapewa sekunde chache baada ya habari ndefu ya ziara ya kiongozi. Maneno yetu yanakatwa katikati. Baadhi yenu mmependekeza kuanzia sasa mwandishi yeyote asiruhusiwe kwenye mikutano ya tawi, na wapo waliosema afukuzwe akionekana. Tumelisoma kila neno. Uchungu wenu tunauelewa, lakini pendekezo hilo hatukubaliani nalo, na tunaeleza sababu.

Kwanza, jambo hili si geni hapa Tabora. Kwihara pale, kwenye tembe ambalo watalii wanapelekwa kwa sababu ya Livingstone, mwaka 1871 alifikia Henry Morton Stanley, mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa kwa vita kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo. Mwandishi yule hakukaa pembeni akaandika. Alichukua bunduki, akaingia vitani upande wa Waarabu. Walishindwa. Kisha akashika kalamu, na wasomaji wake wakamjua Mirambo kama jambazi wa njiani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, alikutana na Mirambo uso kwa uso, akachanjiana naye udugu wa damu, na safari hii akaandika habari za mtu mpole na mwenye heshima. Mirambo alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipokaa mwandishi.

Msomaji wa kule Marekani hakuwa na namna ya kulinganisha habari hizo na upande wa pili. Sisi tunayo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu habari yoyote liwe hili: aliyeiandika alikaa wapi, na nani alimlipia nauli?

Pili, tusivichanganye vyombo vyote kwenye kapu moja. Viko vya aina tatu.

*Vyombo vya chama.* Gazeti la Uhuru lilianzishwa na TANU mwaka 1961 na leo ni la CCM. Kabla yake TANU ilikuwa na Sauti ya TANU, na Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani mwaka 1958 kwa yaliyoandikwa humo. Chombo cha chama kuegemea chama chake si dhambi. Bendera yake iko juu, na anayekinunua anajua anachonunua. Kukilaumu kwa hilo ni kupoteza pumzi.

*Vyombo vya umma.* Hapa ndipo penye hoja yetu. TBC, Daily News na HabariLeo ni mali ya Watanzania wote. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge anavichangia kwa kodi yake sawa na mwenye duka wa hapa Gongoni, awe na kadi ya chama gani au asiwe nayo kabisa. Serikali ilipolitaifisha gazeti la The Standard mwezi Februari 1970, Mwalimu mwenyewe alieleza kwamba gazeti hilo la umma litakuwa huru kukosoa. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985, iliyotumika hadi ilipofutwa mwaka 2024, iliyataka magazeti ya Serikali yasimbague mgombea yeyote, si kwa uandishi tu bali hata kwa ukubwa wa nafasi anayopewa. Someni hapo vizuri: ukubwa wa nafasi. Hicho ni kitu cha kupimwa kwa rula. Na Januari 2016, TBC ilipoacha kurusha Bunge moja kwa moja kwa sababu iliyotajwa kuwa ni gharama, mwananchi alipunguziwa kitu ambacho hakihitaji mhariri: kumsikia mbunge wake bila kukatwa.

*Vyombo binafsi.* Hivi vina mwenye mali, vina matangazo ya biashara, na vina leseni inayoweza kusimamishwa. Serikali na taasisi zake ni mtangazaji mkubwa, na mhariri anajua hivyo. Anajua pia kwamba Oktoba 2024 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30. Hata Uhuru, gazeti la chama tawala, lilisimamishwa kwa siku 14 mwezi Agosti 2021. Kama la mwenye nyumba limefungiwa, la mpangaji litalala usingizi gani? Sehemu ya tunachokiita upendeleo ni woga. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Anayetaka habari zenye usawa adai pia sheria zisizomtisha mwandishi.

Tuongeze na hali ya waandishi wa mikoani. Wengi hawana mkataba wa ajira. Wanalipwa kwa habari iliyotoka. Kwenda Kaliua au Ulyankulu ni nauli yake mwenyewe. Gari la msafara wa kiongozi likiwa na nafasi, anapanda, na anayepanda gari la msafara huiona barabara kupitia dirisha la gari hilo. Tukimfukuza kwenye mkutano wetu, tunakuwa tumemrudisha kwenye gari hilo kwa mikono yetu wenyewe.

Ndugu wanachama, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiingia ofisini akasema "nadaiwa na kila mtu na hakuna anayenilipa", mhasibu atamuuliza: leja iko wapi? Sisi tunasema tunaonewa, na pengine ni kweli. Lakini kwa mhariri au kwa Baraza la Habari, neno "siku zote" si ushahidi. Ushahidi ni tarehe, saa na dakika.

Kwa hiyo Kamati ya Tawi inaelekeza yafuatayo:

*1.* Hakuna mwandishi atakayefukuzwa, kutukanwa wala kuguswa kwenye shughuli yoyote ya tawi, awe wa chombo gani. Atapewa kiti, maji, na taarifa yetu kwa maandishi ili asipate sababu ya kutunukuu vibaya.

*2.* Hatutatoa bahasha. Habari ikinunuliwa na sisi, kesho itanunuliwa na mwenye fedha zaidi, na huyo hatutamweza.

*3.* Tunafungua daftari la habari. Wanachama wanne watagawana kazi: mmoja TBC Taifa, mmoja taarifa ya habari ya jioni ya televisheni, mmoja redio za hapa mjini, mmoja magazeti. Safu ni hizi: tarehe, saa, chombo, habari inahusu nini, dakika au ukubwa wa nafasi, nani kahojiwa, na kama upande wa pili uliulizwa.

*4.* Daftari liandike pia habari zinazotupendelea sisi, na zile ambazo wapinzani wetu hawakuulizwa. Hesabu inayoonyesha tunachodai tu bila tunachodaiwa haipiti ukaguzi wowote.

*5.* Iwepo safu ya mambo yasiyotangazwa kabisa: malipo ya tumbaku yaliyochelewa, bomba lisilotoa maji, zahanati isiyo na dawa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Haki hiyo ni ya mwananchi, haikuandikwa kwa ajili ya chama chetu.

*6.* Tukiwa na hesabu ya mwezi mzima, tutamwandikia mhariri husika kwanza. Asipojibu, kuna Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995 kusuluhisha mambo kama haya bila kwenda mahakamani. Kwa redio na televisheni kuna Kamati ya Maudhui ya TCRA. Barua zote zitapita ofisi ya Katibu. Asiandike mtu kwa jina la tawi peke yake.

*7.* Kundi hili nalo ni chombo cha habari. Picha isiyo na tarehe, sauti isiyo na mwenyewe, na "nimetumiwa hivi hivi" visirushwe humu. Hatuwezi kumdai mhariri usawa huku sisi tukisambaza tusichokijua.

Tunajua wapo watakaosema njia hii ni ya polepole. Ni kweli. Mapagazi waliobeba mizigo kutoka hapa hadi pwani walikwenda kwa hatua, na mzigo ulihesabiwa ulipoondoka na ulipofika. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kilichopotea.

Wanaotaka kuwa miongoni mwa wale wanne wajitokeze kwa Katibu kabla ya kikao kijacho cha tawi. Madaftari manne yameshanunuliwa kwa fedha za ada zenu, na risiti iko ofisini kwa yeyote atakayetaka kuiona.



Imetolewa na:
Ofisi ya Katibu wa Tawi
Tabora Mjini