Gisenyi na Goma: viwanja viwili jirani, njia ndefu ya msaada

RUBAVU, Novemba 2025 – Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa ndege wa Gisenyi na ule wa Goma vimeachana kwa kilomita mbili na nusu hivi. Ndege ingemaliza umbali huo kwa dakika moja tu. Lakini katikati yake kuna mpaka wa nchi mbili, na uwanja wa Goma umefungwa tangu M23 ilipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025.

Muda unapotea wapi?

Dawa au mfanyakazi wa misaada anayekwenda Goma kwa ndege sasa hushukia Kigali. Kutoka hapo hadi Gisenyi, kwa anga ni kama kilomita 100, nusu saa kwa ndege ndogo. Kwa barabara ya milimani ni zaidi ya kilomita 150, saa tatu au zaidi. Kisha kuna forodha na ukaguzi mpakani. Chanjo zinazohitaji baridi na majeruhi wanaohitaji upasuaji hawana muda huo. Bukavu nayo haisaidii: uwanja wake wa Kavumu ulitekwa Februari 2025.

Kwa nini wasitumie Gisenyi?

Ndege ndogo zingeokoa zile saa za barabarani. Hata hivyo, njia ya kurukia ya Gisenyi ni fupi, na ndege kubwa za mizigo haziwezi kutua. Kile kidogo kitakachofika bado kitapakiwa kwenye gari na kuvuka mpaka. Tena, viwanja vyote viwili viko chini ya mlima Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ya Goma. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi.

Nani mwenye ufunguo?

Tarehe 30 Oktoba, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zijazo. AFC/M23, wanaoushikilia, walipinga tangazo hilo. Hapo ndipo penye fundo: Kinshasa ndiyo yenye mamlaka ya anga kisheria, lakini lango la uwanja liko mikononi mwa wengine. Bila pande hizo mbili kukubaliana, tangazo halitui ndege.

Kwa wakimbizi

Waliopitia kambi ya muda ya Nkamira, hapa Rubavu, wengi wameacha ndugu upande wa pili. Kufunguliwa kwa uwanja hakutamaanisha kwamba kurudi ni salama. Kutamaanisha dawa kuwahi hospitalini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayepima kama arudi au asubiri asiyachanganye.