Mbwa wa Kuokota na Watoto Wadogo

Jambo hili hutokea katika vijiji vyetu vingi. Jioni mtoto arudi kutoka shuleni, na nyuma yake yuko mbwa mwembamba, mbavu zinahesabika, wala hana mwenyewe. Njiani mtoto alimgawia kipande cha hindi la kuchoma, na sasa mbwa hataki kuondoka. Mtoto asema, "Baba, naomba tumweke." Utamjibu nini?

Wako wazee wasemao, "Mfukuzeni kwa mawe." Wako wengine wasemao, "Mwacheni, atalinda kuku," kisha hawamwangalii tena. Mimi naona wote wawili wamekosea. Ukimfukuza, ataenda kwa jirani yako, ambaye naye ana watoto. Hatari haikuondoka, imehama boma tu. Na ukimpokea bila kumtunza, umeiingiza hatari hiyo nyumbani kwa mikono yako mwenyewe.

Adui tunayemwogopa ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya yalijulikana hapa Kenya tangu mwaka 1912, alipoonekana mbwa mgonjwa karibu na Nairobi, na hata leo hayajatutoka. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuyamaliza ifikapo mwaka 2030. Dalili zikiisha kumtokea mtu, hakuna dawa ya kumponya. Karibu kila mgonjwa hufa. Na wanaopatwa zaidi ni watoto. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo huumwa usoni na shingoni. Tena huogopa kuchapwa, akaficha kidonda.

Basi ukitaka kumweka mbwa huyo, yako masharti.

Kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe, na mpaka hapo watoto wasimguse. Usiseme, "Namwona ni mzima." Mbwa aliyeumwa na mwenziwe mwenye kichaa aweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akila na kutikisa mkia, huku maradhi yamo mwilini. Tena chanjo haimkingi siku ile ile. Mfunge mahali pake peke yake kwa muda atakaokuambia daktari, umlishe wewe mtu mzima. Baadaye achanjwe kila mwaka, na cheti ukiweke.

Pili, mwulize daktari dawa ya minyoo, ya viroboto na ya kupe. Na unapochinja, usimtupie mbwa maini wala mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Humo mna mbegu ya mnyoo mdogo sana. Mbwa akila, mayai ya mnyoo huyo hutoka katika mavi yake, yakamwingia mtoto kwa mikono michafu, yakamletea uvimbe wa ini au wa mapafu. Watu wa Turkana wanaujua ugonjwa huu vizuri. Vitu hivyo vichome moto au vizike chini sana.

Tatu, mpe chakula kila siku, maji safi, na kibanda kisichovuja. Mbwa mwenye njaa hulinda mfupa wake kwa meno, hata mbele ya mtoto anayempenda. Wengine husema mbwa akishiba halindi. Si kweli. Mbwa mwenye njaa huacha boma usiku akaenda kutafuta mizoga, na huko ndiko anakokutana na mbwa wagonjwa.

Nne, wafundishe watoto. Wasimguse mbwa anapokula, anapolala, au akiwa na watoto wake. Wasimvute mkia wala masikio. Wasimkimbie, maana atawafuata. Mbwa wa kuokota huenda alipigwa sana zamani; mkono ukiinuliwa ghafula hudhani ni fimbo. Na mtoto ambaye hajaanza shule asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata kwa dakika moja, hata kama mbwa huyo ni mpole.

Ikiwa mtoto ameumwa au amekwaruzwa, usimgombeze. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile akachomwe sindano za kinga. Usitie tumbaku, wala pilipili, wala majani. Usimwue mbwa na kumtupa. Akiweza kufungwa bila hatari, mfunge, umwarifu daktari wa mifugo, naye atamwangalia kwa siku 10. Lakini mtoto asingojee siku hizo kupita ndipo aende hospitali.

Labda utasema, "Hii ni kazi kubwa kwa ajili ya mbwa koko tu." Ni kazi, nakubali. Lakini ng'ombe wako unamwogesha dawa ya kupe wala hulalamiki, kwa sababu wajua hasara ya kumpoteza. Je, mtoto?

Kwa hiyo mtoto akikuomba, pima uwezo wako kwanza. Ukiona hutaweza, mweleze kwa upole, kisha uwaarifu watu wa ofisi ya mifugo kwamba yuko mbwa asiye na mwenyewe. Ukiweza, mwambie, "Haya, tutamweka. Lakini usimguse bado. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari."