Nyumba ndogo, lakini jina liwe langu

Nikisema nataka siku moja kununua nyumba ndogo ya zamani Nairobi, wazee hapa Kakuma wananicheka: "Wewe hata kibali cha kusafiri unakipangia foleni!" Vijana wenzangu nao wanataka ploti kubwa nje ya mji, ghorofa baadaye. Mimi nasema wote wanakosea.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa lisi isiyozidi miaka 99. Mlango upo, ni mwembamba tu. Lakini ile ploti ya nje mara nyingi bado ni shamba, na sheria haikubali shamba liuziwe asiye raia. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ziko kwenye lisi tayari. Vyumba viwili, bati lina kutu, sawa. Shule, duka na majirani wapo.

Kaka mmoja wa bloku yetu hakuyajua haya. Alinunua kwa jina la rafiki yake raia. Rafiki alipofariki, watoto wake wakamtoa. Angeshtaki kwa karatasi gani?

Ndugu zetu wa mashirika, mnatufundisha kuweka akiba. Akiba ya nini? Tufundisheni pia kusoma lisi, kuhesabu miaka iliyobaki, na kuuliza ofisi ya ardhi mwenye nyumba ni nani kabla ya kulipa.

Na sisi tuache kujificha nyuma ya majina ya watu.